Mama Mlezi wa Nyumba ya Wachanga

Mama Mlezi hakupenda chupa. Misheni ilipoletewa chupa za kunyonyeshea kutoka Ulaya, zimefungwa vizuri kwa majani makavu ndani ya kasha, alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akazipanga kabatini, na huko zikabaki. Yeye alilisha watoto kwa kijiko. Alikaa kwenye kigoda, mtoto amelala kwenye mkono wake wa kushoto, bakuli liko kwenye goti, akaingiza kijiko kidogo pembeni mwa mdomo, kisha akangoja. Kumlisha mtoto wa siku tatu kwa namna hiyo ni kazi ya karibu saa nzima. Sisi wasaidizi tulichoka, tukaharakisha, mtoto akapaliwa. Hapo alisema bila kuinua kichwa, "Mtoto hana haraka. Mwenye haraka ni wewe. Unakwenda wapi?"

Hatukuwa tunakwenda popote. Misheni yetu ilikuwa mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Bukene. Kulikuwa na kanisa la matofali, shule, zahanati, na nyuma kabisa, karibu na ile njia ya zamani ya misafara ambayo watu bado waliipita wakienda na kurudi pwani, kulikuwa na nyumba ndefu ya paa la bati tuliyoiita Nyumba ya Wachanga. Humo waliletwa watoto ambao mama zao walikufa wakati wa kujifungua au siku chache baadaye. Enzi hizo za Mwingereza mtoto wa namna hiyo hakuwa na mahali pa kwenda. Nani angemnyonyesha? Kanisa lilimchukua, likamlea mpaka miaka miwili hivi, aweze kula ugali, kisha likamrudisha kwa baba yake au kwa ndugu za baba. Aliyeisimamia nyumba ile alikuwa Sista, muuguzi Mzungu, lakini Sista alikuwa na zahanati tatu za kuzunguka kwa baiskeli. Watoto walikuwa mikononi mwa Mama Mlezi. Mimi nilifika pale nikiwa mjane wa miaka ishirini na kitu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua nepi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nyayo kubwa ambazo hazikupata kuona kiatu. Hakujua kusoma, ila Jumapili alishika kitabu cha nyimbo na kukifunua kama wengine, na alijua nyimbo zote kwa kichwa. Aliimba vibaya. Aliimba kwa nguvu na nje ya sauti, hata mwalimu wa kwaya akahama kiti kwenda upande wa pili. Alinusa ugoro, jambo ambalo kanisa letu lilikataza, na aliuficha kwenye kopo la dawa ya minyoo, mahali ambapo Sista alipaswa kupakagua kila mwezi. Sista alikagua kila mwezi na hakuwahi kuuona. Radi aliiogopa sana. Mvua za masika zikija na ngurumo, aliingia katikati ya vitanda vya watoto, akajifanya anawafunika mmoja mmoja, kumbe anatetemeka.

Lakini uongo ulikuwa haupiti mbele yake. Msaidizi mmoja alikunywa maziwa ya watoto akasema yamemwagika. Mama Mlezi alimwangalia, akamwambia, "Kunywa si kosa kubwa, una njaa. Lakini umenidanganya." Akamtoa kazini siku ileile.

Tulikuwa na sheria nyingine ambayo wageni waliona ni ya ukali. Hakuna msaidizi aliyeruhusiwa kumwita mtoto yeyote "mwanangu". Nilifanya kosa hilo wiki yangu ya kwanza. Nilikuwa nimempakata kitoto kimoja kilichokuwa kinalia, nikakibembeleza, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza."

"Si wako," alisema kutoka mlangoni.

"Nilikuwa namtuliza tu, mama."

"Ana mama yake. Amekufa, lakini ni mama yake. Mwite kwa jina la mama yake."

Ndivyo tulivyowaita. Mwana wa Kabula. Mwana wa Mwashi. Mama Mlezi aliyakumbuka majina yote ya wale mama, hata ya waliokufa miaka kabla sijafika. Mtoto akichukuliwa na ndugu zake, alimshika baba yake mkono na kumwambia tena lile jina, ili aje amwambie mtoto akikua. Baba wengine walisikiliza. Wengine walikuwa tayari wameoa, nao waliangalia pembeni.

Wakati wa vita maziwa ya kopo yalikatika. Sista aliandika barua, Mchungaji akaandika barua, na majibu yakaja kwamba meli hazifiki. Mama Mlezi alipanda treni mpaka Tabora. Huko, mtaa wa Mtendeni, kulikuwa na Mhindi mwenye duka ambaye misheni ilikuwa ikinunua kwake. Aliniambia alipofika alikuta rafu tupu. Mwenye duka akamwonyesha kwa mikono miwili kwamba hana kitu. Mama Mlezi hakuondoka. Alikaa kwenye ngazi ya duka tangu asubuhi mpaka adhuhuri, hakuomba tena, amekaa tu. Mwishowe mke wa mwenye duka akatoka ndani na makopo manne yaliyokuwa ya mjukuu wake.

"Ulimwambia nini mama yule?" nilimwuliza.

"Sikumwambia kitu. Alinipa maji ya kunywa, nikamwambia asante. Akaniuliza watoto wangapi. Nikamwambia tisa. Akaingia ndani."

Makopo manne hayakufika mbali. Basi akaanza kwenda kwa wenye ng'ombe upande wa Lusu, na huko kazi ilikuwa ngumu zaidi, maana wazee wengi hawakutaka maziwa yao yapewe watoto waliozaliwa na kifo. Waliogopa ng'ombe watakauka. Alirudi mara ya kwanza kibuyu kikiwa kitupu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alimbeba mtoto mgongoni, mwana wa Kabula, ambaye wakati huo alikuwa mifupa mitupu, akamweka chini mbele ya zizi la mzee mmoja na kumwambia, "Mwambie mwenyewe kwamba humpi." Alirudi na kibuyu kimejaa, na kuanzia hapo mzee yule alituma maziwa kila siku ya pili.

Sitaki kumfanya mtu asiyeshindwa. Tulizika watoto wengi. Masanduku ya sabuni yalitosha kuwa majeneza yao, na Mama Mlezi ndiye aliyeyatandika kwa vipande vya merikani. Makaburi yao yalikuwa nyuma ya nyumba, vichuguu vidogo vyenye mawe bila majina. Nikiwa bado mgeni nilikuwa nikikaa chini na kulia. Alinigusa bega kwa mguu wake, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika vitu, akasema, "Utalia baadaye, mdogo wangu. Sufuria inachemka." Sikuwahi kumwona yeye akilia, si asubuhi wala jioni. Nilidhani moyo wake umekauka, kama wa watu wanaochinja ng'ombe. Nilikosea, na jinsi nilivyojua kwamba nimekosea ndiyo habari iliyonifanya nianze kusimulia.

Alikuwapo mtoto mmoja aliyeitwa Nyamizi, jina alilopewa na baba yake. Mama yake alifika zahanati kwenye machela, akajifungua, akafa kabla ya jua kuzama. Baba yake alikuwa kijana wa upande wa Lusu. Alimleta mtoto mwenyewe, amemfunga kwenye kaniki, akasema atarudi kumchukua. Baada ya mwezi serikali ikamchukua yeye na wenzake kwenda kukata mkonge Tanga, wakati ule wa vita walipokuwa wakichukua watu kwa nguvu. Tukasikia ameugua huko. Baadaye hatukusikia kitu. Nyamizi akatimiza miaka miwili, na hakuna aliyekuja. Ndugu za baba walipoulizwa walisema tumngoje mwenye mtoto.

Kwa hiyo akabaki. Akajifunza kutembea akishika kitenge cha Mama Mlezi, akajifunza kusema, na neno alilolisema kwa Mama Mlezi ni "mayu", mama, kwa Kinyamwezi. Wote tulisikia. Tulingoja amkataze. Mama Mlezi aliendelea kupepeta unga. Siku nyingine nilimkuta anamfundisha kukaa kwenye kigoda na kushika kijiko, na Nyamizi alikuwa akimlisha mtoto mdogo uji kwa makini, akingoja kama alivyofundishwa. Mama Mlezi alikuwa anacheka. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka kwa meno.

Nyamizi alikuwa na miaka mitatu baba yake alipokuja.

Nilimwona mimi kwanza, anakuja na njia ya misafara, mwembamba, na kifurushi chini ya kwapa. Sista alikuwa safarini. Mama Mlezi alikuwa barazani anachambua mchele. Mimi nilikuwa kando ya jiko na Nyamizi, tunaanua nepi. Yule kijana alisimama chini ya baraza, ametupa mgongo, akavua kofia, akaamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mimi ni baba wa Nyamizi. Nimechelewa. Nilikuwa nimelazwa hospitali. Nimekuja kumchukua mwanangu."

Mama Mlezi aliinua macho kutoka kwenye ungo, hakumtazama yule kijana, alinitazama mimi. Mpaka leo nayaona macho yale. Mimi nilimshika Nyamizi mkono, nikamwingiza kwenye stoo ya maziwa, nikafunga mlango, nikaweka kidole mdomoni ili anyamaze. Alidhani ni mchezo. Alinyamaza.

Kwa upenyo wa mlango nilisikia Mama Mlezi akisema, "Pole, baba. Mtoto alifariki."

Halafu kijana akauliza, "Lini?"

"Mwaka jana. Surua."

"Naomba nione kaburi."

Akampeleka. Alimwonyesha kaburi la mtoto wa kiume wa watu wa mbali, aliyekaa nasi siku tisa. Kijana alipiga magoti, akang'oa majani kwa vidole, akapanga mawe upya. Kisha akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kigauni cha rangi ya waridi alichonunua Tanga, kidogo sana, cha mtoto wa miezi. Katika kichwa chake Nyamizi alikuwa hajakua. Akampa Mama Mlezi. "Mvalishe mwingine," alisema, akavaa kofia, akaenda.

Jioni ile tuliwalisha watoto kama kawaida. Kesho yake nilimwambia, "Mama, yule ni baba yake."

"Najua."

"Tumfuate. Hajafika mbali."

"Najua," alisema tena, akachukua ndoo akaenda kisimani. Sista aliporudi hatukumwambia. Nami nilinyamaza, na sikunyamaza kwa kumwogopa tu. Nilimpenda Nyamizi, na niliona baba gani huyu, mkavu, mgonjwa, atamlea vipi mtoto wa kike. Ndivyo nilivyojisemea.

Labda yote yangeishia hapo kama kijana yule angekaa kwao. Lakini baada ya mavuno alirudi. Hakuja barazani. Alipitia nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye lile kaburi na jembe lake, akalipalilia, akakaa kando yake kama mtu aliyemtembelea nduguye, akaondoka. Mama Mlezi alimwona kupitia dirisha la stoo huku Nyamizi akicheza miguuni pake. Mwaka uliofuata alikuja tena. Safari hii alileta chokaa, akayapaka mawe. Kati ya vichuguu vyote vile kimoja tu kikawa cheupe.

Tangu siku hiyo Mama Mlezi aliacha kuimba kanisani. Alishika kitabu, akakifunua, mdomo umefungwa. Mwalimu wa kwaya akaniuliza kama anaumwa. Wakati wa Meza ya Bwana aliinuka na kutoka nje kabla kikombe hakijamfikia. Alikonda. Nyamizi alimwita "mayu" naye akachelewa kuitika.

Asubuhi moja nilimkuta amemwogesha Nyamizi na kumpaka mafuta, amemvalisha nguo safi, amefunga vitu vyake kwenye kitambaa. Mtoto alikuwa na miaka mitano.

"Mnakwenda wapi?"

"Lusu."

"Nije na wewe."

"Hapana. Kuna mtoto wa jana hajanywa vizuri. Kaa naye."

Alirudi siku ya pili, peke yake, nyayo zimepasuka. Aliyonisimulia yalikuwa machache. Alimkuta kijana anatengeneza ghala. Alipiga magoti mbele yake, mwanamke mzima kwa mtu wa umri wa mwanawe, akamwambia, "Huyu ndiye Nyamizi. Nilikudanganya." Kijana alimtazama mtoto muda mrefu. Hakupiga kelele. Majirani walikusanyika, wakasema apelekwe kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, apelekwe baraza la mtemi, ni wizi wa mtu. Kijana akasema, "Amemlisha. Sina kesi na mtu aliyemlisha mwanangu. Lakini asikanyage tena kwangu." Akamshika Nyamizi mkono. Mtoto alilia akimwita, na Mama Mlezi aligeuka akaondoka bila kutazama nyuma, kwa sababu angetazama, alisema, angemchukua tena.

Kutoka kwenye njia alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mchungaji, kabla hata ya kunawa miguu, akamwambia yote.

Wazee wa kanisa walikaa siku ya Jumatano. Sisi wasaidizi tuliitwa tusimame ukutani. Mchungaji alikuwa mtu mpole, akauliza, "Siku ile alipokuja baba, mtoto alikuwa wapi?"

"Stoo ya maziwa," alijibu Mama Mlezi.

"Nani alimwingiza huko?"

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Mimi," alisema Mama Mlezi. "Nilikuwa peke yangu."

"Hakuna msaidizi aliyejua?"

"Hakuna."

Mzee mmoja alitutazama sisi tuliosimama ukutani, mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilitazama sakafu. Mwanamke aliyemfukuza mtu kwa ajili ya kikombe cha maziwa alisema uongo mwingine mbele ya wazee wa kanisa, na mimi niliupokea.

Walimtenga na Meza ya Bwana, na kazi ikamtoka. Sista alilia waziwazi. Mama Mlezi alifungua fundo la kitenge, akatoa funguo za stoo na za kabati, akaziweka mezani. Mchungaji alizitazama kidogo, akazisukuma upande wangu. Nilikuwa msaidizi wa siku nyingi kuliko wengine. Nikazichukua. Nilikaa nazo miaka kumi na mitatu, nikaitwa Mama Mlezi na watu wasiojua kwamba jina hilo lilikuwa na mwenyewe.

Nilimtafuta? Nilijidanganya kwamba nilimtafuta. Nilisikia yuko Bukene, na kila nilipopita Bukene nilikuwa na haraka.

Nilimwona katika miaka ile ya mwisho ya Mwingereza, nikienda Tabora kuchukua dawa. Treni ilikuwa imechelewa, na akina mama waliokuwa wakiuza vyakula stesheni walikaa wamejipanga ukutani kufuata kivuli. Wa mwisho alikuwa na sinia la karanga za kuchemsha. Amezeeka, meno ya mbele hayapo, mashavu yameingia ndani. Nilimjua kwa nyayo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama, akasogeza sinia lake kando. "Kaa, mdogo wangu. Kuna kivuli hapa."

Nilikaa. Aliniuliza watoto wako wangapi sasa. Nikamwambia kumi na mmoja. Aliniuliza kama bati la upande wa jiko bado linavuja. Nikamwambia lilibadilishwa. Aliuliza mambo hayo kama mtu aliyeondoka juzi, na mimi nilijibu yote.

"Mama," nilisema, "siku ile ya baraza ningesema. Nilifungua mdomo."

"Nilikuona."

"Kwa nini hukunitaja? Tungeondoka wote wawili. Ilikuwa haki."

Alimenya karanga moja, akaiweka mkononi mwangu. "Kulikuwa na watoto kumi na wanne ndani," alisema. "Ningekutaja, nani angewalisha jioni ile?"

Miaka kumi na mitatu nilidhani alinihurumia. Alikuwa anahesabu vijiko.

Tulisikia honi mbali, akina mama wengine wakaanza kuinuka na kujitwika. Yeye hakuinuka bado. Niliogopa kuuliza, nikauliza. "Nyamizi?"

"Ameolewa. Nilimwona hapa, wakati wa mvua. Alikuwa anakwenda Mwanza na mumewe."

"Alikujua?"

"Alinunua karanga. Alisema, 'Shikamoo, bibi,' kama wanavyosema wote. Nikamwambia marahaba." Alikung'uta maganda kwenye kitenge. "Alikuwa na mtoto mgongoni, mnene, anatafuna kidole. Nikamwuliza ana miezi mingapi. Akasema saba. Nikamwuliza, 'Anakunywa nini?'"

Treni ilikuwa inaingia, breki zinapiga kelele, na ilibidi asogee karibu na sikio langu ili nimsikie.

"Akacheka. Akaniambia, 'Ananyonya, bibi. Si mimi mama yake nipo?'"

Kisha akajitwika sinia, akaenda kwenye madirisha ya mabehewa pamoja na wenzake, akiita karanga kwa ile sauti yake mbaya.